Siku Nchi Ilipovamiwa, Mimi Nilivua Suruali

Visiwa vyetu vya Falkland vilivamiwa na jeshi zima. Kila mwanamume wa rika langu ana hadithi yake ya ushujaa.

Yangu ni kwamba nilivua suruali mbele ya adui. Majirani saba na mbwa watatu wakitazama.

Cheka kwanza, halafu tuendelee.

Aprili 1982. Mimi Clem Rudge, mchunga kondoo wa Kisiwa cha Magharibi, nilikuwa na siri. Miezi minane natoka damu kila nikienda chooni. Baba yangu alianza hivyo hivyo, akanyamaza, tukamzika akiwa na miaka arobaini na miwili.

Mimi nilikuwa na arobaini na mmoja.

Si ungemwambia daktari? Thubutu!

Daktari yuko Stanley mjini, ng'ambo ya maji. Sisi wa mashambani tunampata kwa simu ya upepo, yaani redio ya kuongelea, kila siku saa nne asubuhi. Unaeleza ugonjwa wako, anakwambia umeze nini. Sasa kila nyumba ina hiyo redio, na saa nne ndiyo saa ya chai na keki. Visiwa vizima vinakaa kitako kukusikiliza.

Kuna mzee alitaja fangasi za miguu mwaka 1959. Mpaka anakufa aliitwa Vidole.

Nikasema bora kaburi.

Ijumaa ile alfajiri, Waargentina wakashuka Stanley. Magari ya vita yalitoka baharini yakapanda ufukweni, risasi tukazisikia redioni. Asubuhi mji ukasalimu amri. Majirani wakajaa kwetu, mke wangu Una analia.

Na mimi? Naona aibu hata kuandika. Niliwaza: leo ndiyo siku yangu! Nchi imetekwa, nani atasikiliza habari za daktari?

Nikawatuma wote wakafiche bunduki bandani. Saa nne kamili nikashika redio. Daktari Pruett alikuwepo.

Nikajitia ujanja. "Daktari, nina kondoo dume. Anatoka damu nyuma, miezi minane sasa."

"Anakula?"

"Amekonda. Suruali inamvuka."

Nikasikia kalamu yake inaandika.

"Maumivu yanamzidi lini?"

"Akipanda farasi."

Nikasikia mtu anacheka. Akafuata wa pili. Kumbe kituo cha redio cha mjini kilishatekwa, watu wote wamehamia kwenye masafa ya daktari kutafuta habari! Bi Ina Tolley wa shamba la mbali akadakia, "Clem, mpe pole huyo kondoo!"

Halafu sauti ngeni ikauliza kwa ukali, "Shamba gani hilo?" Redio ikakatwa.

Baada ya saa mbili helikopta ikatua uani. Wanajeshi wanane na kapteni mwenye masharubu, bunduki zote kwangu.

"Kondoo Dume ni nani? Wapiganaji wake wako wapi?"

Mke wangu Una akanisogelea. "Mwambie, Clem."

"Nimwambie nini?"

"Unadhani nguo zako nafua nikiwa nimefumba macho? Miezi minane nakusubiri useme!"

Nilitamani ardhi inimeze. "Kondoo ni mimi," nikasema. Kapteni akakoki bastola.

Basi nikavua.

Kapteni akageuza uso. Hata mbwa waliondoka. Lakini tabibu wao, kijana mnene aitwaye Basualdo, hakucheka. Akavaa glavu, akanilaza juu ya meza ya kuchambulia sufu, akanipima taratibu. Wakanong'onezana Kihispania muda mrefu.

"Anasema si bawasiri," kapteni akaniambia. "Anasema ukikaa hapa, Krismasi huioni. Panda."

Nikapanda helikopta ya adui, nimelala kifudifudi. Kesho yake, huko Stanley, Daktari Pruett akanikata uvimbe sawa na yai la bata.

Vita viliisha Juni. Basualdo sijui kama alirudi kwao. Wenzake wengi hawakurudi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Miaka kumi baadaye, daktari anastaafu, nikamuuliza, "Hivi wale waliamini kweli kondoo ni lugha ya siri?"

Akakoroga chai yake. "Niliwaaminisha mimi. Maneno yako mawili tu, damu na kukonda, yalinitosha kujua unakufa. Ndege zetu zimepigwa marufuku, helikopta wanazo wao tu. Nikamnong'oneza kapteni, aliyekuwa amesimama kando yangu, kwamba Kondoo Dume ndiye mkuu wa wapiganaji wa mashambani, wakuwahi kabla hujatoroka."

"Wangenipiga risasi je?"

"Nililifikiria hilo. Nikaona kwa risasi una nafasi kubwa zaidi ya kupona."

Leo nina miaka themanini na minne, mara mbili ya baba yangu. Visiwa vizima vinaniita Kondoo, na naitika. Baba yangu hakuna aliyemcheka hata siku moja.

Na wewe unayesoma hapa umekalia upande mmoja wa kiti, unajijua. Kamwambie daktari leo, maana wewe hakuna jeshi litakalokuja kukuchukua.