Mkwe Wangu na Kituo cha Nne

Kwetu Tabora mkwe hampi mkono mama mkwe wake, haketi naye mkeka mmoja, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini kupisha. Sisemi ni vizuri au vibaya. Ndivyo tulivyolelewa, mimi na huyu aliyemwoa binti yangu, na heshima hiyo tumekuja nayo mpaka Doha, kwenye nyumba ya chumba na sebule hapa mtaa wa Najma, ambako kila asubuhi tunapishana mlango wa choo. Yeye ni dereva wa familia ya Kiarabu. Binti yangu yuko hotelini, anasimamia wasafisha vyumba.

Mimi nililetwa kwa ajili ya goti. Nilianguka uani kwangu, binti akanileta nitibiwe, goti likapona. Lakini kila nikitaja kurudi nyumbani, maneno yanaanza. Shamba langu liko mbali, na huwa nalifuata kwa baiskeli tangu marehemu mume wangu yu hai. Binti akasema kwa goti lile baiskeli basi, na bila baiskeli hakuna shamba, sasa narudi kufanya nini?

"Nipe baiskeli nikuonyeshe," nikamwambia.

"Mama, hapa Doha?"

"Kwani hapa watu wanaruka?"

Mkwe wangu alikuwa sebuleni, kautazama ukuta kama kawaida yake nikiwepo. Akakohoa. Akasema iko njia ya baiskeli kando ya reli ya metro, haina magari, na tangu inapoanzia hadi kituo cha nne cha treni ni kama kwangu hadi shambani. Anajua, ni mtoto wa kulekule. Basi binti akatoa sharti: niende hadi cha nne, nipumzike, nirudi. Njiani nisishuke hata mara moja. Nikishuka, habari ya kurudi Tabora imekwisha. Shahidi ni mumewe.

Ijumaa asubuhi, kibaridi kizuri, tukaanza, kila mtu na baiskeli yake ya kukodi. Mimi na dera, suruali ndani, ushungi nimeufunga kisogoni. Shida ikaja palepale. Mkwe hawezi kukaa mbele anipe mgongo. Nyuma ndiyo kabisa, atakuwa anatazama nini? Akashika ukingo wa pili wa njia, sambamba na mimi lakini mbali, kama hatujuani. Wazungu wenye nguo za kubana walikuwa wanapita katikati yetu kama mishale.

Miguu haikusahau kitu. Treni ilipita juu ya nguzo zake, nikaikimbiza kidogo, ikaniacha, sikujali. Nilihesabu kituo cha kwanza na cha pili, halafu nikaacha. Majina yao yale siyasomi, na nilijua mwenyeji ataniambia. Nikakanyaga. Upepo ulikuwa mtamu, na kwa mara ya kwanza tangu nije sikuwa mgonjwa wa mtu. Mpaka nikaona jua limekuwa kali.

"Mkwe, hicho cha nne bado?"

Akazidi kukanyaga, macho mbele.

"Nakuuliza wewe!"

"Tumekipita, mama."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Hiki ni cha saba."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja mama ageuke. Nitamkatishaje mama mkwe safari?"

Nilitaka kugomba, nikacheka. Akacheka na yeye. Miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kukisikia kicheko chake. Tukanywa chai ya karaki, ile yao ya maziwa na iliki, kwenye benchi, yeye ncha ile, mimi ncha hii, kila mtu akitazama upande wake.

Tulipokuwa tunarudi, kabla ya kufika cha nne, nikasikia kishindo. Mkwe yuko mchangani, ameshika mguu. Misuli imekaza. Mtu anashinda ndani ya gari mwaka mzima, atafanyaje? Sikushuka. Nikamzunguka juu ya baiskeli, mara ya kwanza, ya pili, namwelekeza.

"Nyoosha! Vuta vidole!"

"Nenda, mama. Usishuke. Utabaki huku!"

Mzunguko wa tatu nikaona machozi yanamtoka. Nikaitupa baiskeli. Nikamshika mguu wa mkwe wangu kwa mikono yangu miwili, nikaukanda kama ninavyokanda unga wa maandazi. Alifunga macho, sijui kwa maumivu au kwa aibu. Mimi sikuyafunga.

Nyumbani binti alikuwa anangoja mlangoni. "Alishuka?"

Mumewe akautafuta ukuta. Kusema uongo hawezi, kunichongea hawezi.

"Nilishuka," nikasema mwenyewe. Sijaanza kudanganya watoto uzeeni.

"Unaona sasa, mama!"

"Alishuka kwa sababu ya miguu yangu," mkwe akasema, na safari hii alimtazama mkewe usoni. "Yake ilikuwa inaendelea. Tena tulifika cha saba."

"Cha saba?"

"Cha saba."

Binti akalitazama goti langu, akamtazama mumewe anavyochechemea. "Kwa hiyo wa kubaki huku aangaliwe ni nani, mama au wewe?"

Akapanda kiti, akaliteremsha begi langu toka juu ya kabati. Mkwe akataka kumpokea, mguu ukakataa. Nikamwambia akae. Akakaa, kwenye mkeka niliokalia mimi. Begi lilikuwa na vumbi. Nikalifuta kwa ushungi.