Siku Baba Mkwe Alipolia Angani

Kuna msonyo mmoja ambao husikika ndani ya ndege tu. Si ule wa sokoni Embu, mpana, wa mwanamke aliyetajiwa bei ya kipuuzi. Huu ni mwembamba, hupenya katikati ya meno yaliyotunzwa vizuri, na hutolewa na bwana mwenye gazeti pale mtoto wa mtu mwingine anapoanza kulia. Niliusikia tena juzi nikienda Kisumu. Nami, msomi mwenye maoni mengi, nilifanya kile ninachokiweza kuliko vyote: nilimdharau yule bwana kimyakimya. Dharau hiyo ni ya zamani. Niliipata nikiwa na miaka saba, katika safari yangu ya kwanza ya ndege, na mwalimu wangu alikuwa Shangazi Igoki.

Shangazi Igoki alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Ndiye aliyemsomesha, na sikumbuki siku aliyosahau kumkumbusha. Aliishi Nairobi, ambako mumewe alikuwa mkubwa katika ofisi fulani, mkubwa wa kiasi cha kupewa tiketi za ndege za bure. Akija kwetu Embu, juu kule kwenye kahawa, alitandika leso kwenye kiti kabla ya kukaa, katika nyumba aliyozaliwa. Chai yetu alisema inanuka moshi. Ilinuka moshi kweli. Ndiyo iliyomlea.

Baba alikuwa karani bandarini Mombasa, na sisi tulimwona Krismasi. Mama alikuwa ameanza kusema, kwa upole lakini bila kuacha, kwamba anataka tukaishi naye. Basi Shangazi akaja kuamua. Alisimama uani, mkoba kwapani, akatukagua kama mtu anayetazama mbuzi ambao hana nia ya kuwanunua.

"Nitawapeleka kwa ndege, Mama Wawira," akamwambia mama. Wawira ndiye mimi. "Nione kama mnaweza kukaa na watu. Mkiweza, nitamwambia kaka yangu awachukue. Mkiniaibisha, mtarudi hapa kwa kahawa yenu."

"Sawa, Mama Patrick," mama akamjibu Shangazi, kwa jina la mwanawe.

Sasa lazima niwaambie jambo kuhusu ndugu yangu Njeru, aliyekuwa na miaka mitatu. Njeru alipewa jina la marehemu babu, mzazi wa baba, kama inavyompasa kila mwana wa kwanza kwetu, na pamoja na jina alipewa cheo. Nyanya, mjane wa babu, alimwita "mume wangu", na kila asubuhi alimuuliza amelalaje. Mama alimwita "baba mkwe", na kwa kuwa mwanamke mwenye adabu hamkaripii baba mkwe wake, sembuse kumchapa, Njeru alikua kama chifu mdogo wa kikoloni. Kwa Shangazi, mtoto yule alikuwa baba yake mzazi aliyerudi. Lakini Shangazi aliyaita hayo yote ushamba. Yeye alimwita "haka katoto".

Wiki nzima kabla ya safari tulifundwa. Sheria za Shangazi zilikuwa usiulize, usiguse, usiseme Kiembu. Mama aliongeza ile yake ya siku zote: ukipewa kitu ugenini, huli hapo hapo kama mwenye njaa. Unakiweka, unakipeleka nyumbani, mkubwa anaonja kwanza. Siku yenyewe alitupaka mafuta ya kukamulia ng'ombe mpaka tukang'aa kama sufuria mpya. Tena nilipanda ndege ya kwenda Mombasa nimevaa sweta mbili na soksi za sufu, kwa sababu mtu fulani kijijini, ambaye hakuwahi kupanda kitu kirefu kuliko mparachichi, alisema huko juu kuna baridi.

Ndani ya ndege mlinuka plastiki na marashi ya watu wengine. Kabla hatujaruka, mhudumu alipita na sinia ya peremende. Nilipokea yangu kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaitia mfukoni. Hiyo ilikuwa ya baba. Njeru akaniiga. Mama akaifunga yake kwenye pindo la kitambaa.

Shangazi alitutazama kwa muda. "Vizuri sana," akasema. "Naona mmefunzwa." Kisha akamenya moja kati ya zake mbili.

Hakuwa amewahi kunisifu. Nilivimba kwa sifa ile kama mandazi kwenye mafuta, nikawatazama kwa huruma watoto wa viti vya mbele waliokuwa wakinyonya zao bila aibu. Wazazi wao hawakuwafunza, maskini.

Ndege ilipoanza kushuka, Njeru alishika masikio yote mawili. Alinung'unika kwanza, kisha akapiga ukelele ambao sijausikia tena mpaka leo, wa mtu anayechinjwa na anayejua anayemchinja. Mimi pia nilihisi msumari ukipigiliwa sikioni, lakini nilikuwa nimesifiwa, kwa hiyo niliuma kola ya sweta. Bwana mmoja alikunja gazeti akasonya. Mwingine naye akasonya. Hao walikuwa watu wazima waliosoma, wakishindana kusonya kwa sababu mtoto anaumwa.

"Mnyamazishe!" Shangazi alisema, shavu moja limetuna.

"Pole, baba mkwe," mama alimbembeleza. "Tulia, mzee wangu."

"Usimbembeleze, mchape! Unangoja nini?"

Mama aligeuka. Kwa Kiembu, lugha iliyokatazwa, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye magazeti, alisema, "Mimi simchapi baba mkwe wangu. Wewe ndiye binti yake. Mchape baba yako, watu waone."

Nyuma yetu alikuwa ameketi mfanyabiashara mmoja wa Maua, kule Meru, mzee wa kofia nyeupe, na Kimeru na Kiembu ni ndugu. Alicheka mpaka viti vikatikisika.

"Wee mama, usithubutu! Mzee anaumwa masikio tu!" akamwambia Shangazi. Akainama kati ya viti. "Na nyinyi, peremende mmezipeleka wapi? Zinyonyeni! Hizo ni za masikio, si za kupeleka nyumbani. Mimi nilificha yangu mara ya kwanza, nikafika Mombasa kiziwi."

Njeru alitiwa peremende mdomoni, na baada ya kumeza mate mara kadhaa akatulia, akibaki na kwikwi. Nilimtazama Shangazi. Uvimbe wa shavuni ulihama kutoka kulia kwenda kushoto, naye akatazama mawingu.

Baba alitungoja nje, shati jeupe, viatu vinang'aa. Shangazi alimfikia kwanza.

"Wamenivua nguo mbele ya watu. Haka katoto kamelia Mombasa nzima ikasikia. Hawa si watu wa mji."

Baba aliinama akatazama mizigo, akauliza kama yote imefika. Baada ya majuma mawili tulirudi Embu kwa basi.

Hivyo ukoo ukajiandikia historia: kilio cha Njeru ndicho kilichoturudisha kwenye kahawa. Baba aliisimulia kila Krismasi kwa mzaha, Shangazi bila mzaha, na Njeru akaimeza. Leo ana watoto wawili ambao hajawahi kuwapandisha ndege. Husema ni nauli.

Nilikuwa chuo kikuu nyanya aliponiambia, akicheka, kwamba kabla hatujaondoka Shangazi alimwonya asitafute vibarua wa kahawa msimu ule, maana mke wa kaka yake atakuwa amesharudi. Ndipo nikaielewa ile "vizuri sana". Shangazi alikuwa amesafiri kwa ndege mara nyingi. Alijua peremende zile ni za nini. Mimi nilihitaji miaka miwili ya chuo kuona mtego ambao panya angeuona akiwa usingizini.

Nilimkimbilia mama na habari hizo kama wakili aliyepata shahidi. Alikuwa akichambua maharagwe. Hakushtuka.

"Nilijua," alisema. "Nyanya yako lini alificha neno?"

"Basi kwa nini ulikubali kwenda?"

"Kwanza, ni ndege. Wewe ungekataa?" Alipuliza makapi. "Tena nilitaka baba yenu aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake, Mama Wawira, baki shambani. Ningebaki, na nisingesema neno. Ndiyo maana niliwabeba nyinyi wote, nikawasimamisha mbele yake, ili akose pa kutazama."

Alitupa punje mbovu kwa kuku.

"Akatazama mizigo."