Mdomo wa Birika la Mama

Dada yangu amepita miaka themanini na macho yake yamebaki na mwanga na kivuli tu. Tunaishi pamoja Old Kampala, katika nyumba aliyotuachia baba. Mengi siku hizi hufanyiwa, lakini kutawadha alikuwa akitawadha mwenyewe, kwa birika la shaba ambalo mama alikuja nalo kutoka Pwani alipoolewa. Alilijua kwa vidole. Mkono uko nyuma, mdomo mrefu uko mbele, kwa hiyo hakuhitaji kuona maji yanatokea wapi, na uzito wake ulimwambia yamebaki kiasi gani.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya Ramadhani, mdomo ulichomoka.

Tukamnunulia birika la plastiki. Maji yakipungua lilikuwa jepesi mno mkononi mwake, likapinda huku na huku, na mara mbili akajimwagia kifuani. Siku ya tatu mke wangu akaanza kummiminia. Dada alinyoosha mikono mpaka wakamaliza, kisha akasema, "Leo mmenimiminia. Kesho mtaniosha uso. Kesho kutwa mtanikafini."

Mke wangu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua.

Nikalifunga birika kwenye shuka kuukuu, nikateremka nalo Kisenyi kwa fundi mmoja Mkongomani anayefua shaba nyuma ya duka la vyuma chakavu. Ni Mkristo mcha Mungu, hawashi moto wake asubuhi kabla ya kuomba, na hilo lilinifanya nimwamini. Aligonga birika kwa ukucha, akasikiliza.

"Mzee, hii shaba ni ya kwetu."

"Ya kwenu wapi? Birika hili limetoka Pwani na mama yangu."

"Mama ni wa Pwani, sikatai. Shaba ni ya kwetu."

Nimefundisha dini zaidi ya miaka arobaini. Nimewasomesha watu kwamba vyombo vya dhahabu na fedha tumekatazwa na vya shaba tumeruhusiwa, na siku zote hizo sikuwahi kujiuliza shaba yenyewe ni kitu gani. Fundi alinieleza akiwa amechuchumaa. Kinachochimbwa ardhini kwao ni shaba nyekundu. Hii ya manjano haichimbwi popote, ni watu waliochanganya ile nyekundu na zinki. Zinki ikiwa kidogo, shaba hubaki laini na yenye wekundu kwa mbali, unaweza kuigonga mpaka iwe nyembamba kama karatasi. Ndiyo ya masinia, mabirika na matarumbeta. Zinki ikizidi, huwa ngumu na ya manjano zaidi. Wengine huongeza madini ya risasi kidogo ili ikatike vizuri kwenye mashine, na hiyo ndiyo ya mabomba, makufuli na funguo.

Nilimsikiliza nikikumbuka jinsi nilivyoishi na shaba bila kuiangalia. Tangi la stovu ya mafuta ya taa, ambalo mama alilisugua kwa majivu na ndimu kila Alhamisi. Mizani ya Mhindi wa duka la pembeni. Bangili za bibi mmoja jirani, zilizosokotwa, alisema, kwa masango, zile nyaya nene ambazo misafara ya zamani ilizileta bara kubadilishana na chakula. Hata kitasa cha mlango wangu, ambacho mikono yetu imekilamba mpaka kikang'aa upande mmoja tu. Ni neema ya Mwenyezi Mungu iliyokaa nasi miaka yote bila kudai shukrani.

Fundi akamwaga kopo lake chini. Zilitoka funguo, vipande vya bomba, na maganda matano au sita ya risasi, yale makubwa yanayozidi urefu wa kidole. Akachukua moja.

"Dawa ni hii. Laini, na ni bomba tayari. Nakata kitako, navalisha pale mdomo unapoingia tumboni, naunga kwa moto. Haichomoki tena."

"Hiyo hapana," nikasema.

Shemeji yangu, mume wa dada, aliuawa kwa risasi mbele ya lango letu, katika vita vya zamani, dada akiwa bado anaona. Sikuweza kufikiria dada akipitisha maji ya swala katika kitu hicho. Sikutaka hata alisikie neno lenyewe.

"Tumia ile ya bomba la maji."

"Ya bomba ukiikunja inapasuka, mzee."

"Tumia hiyo hiyo."

"Mwenye birika ni wewe," akasema, na akaifanya kwa uangalifu kama vile alikubaliana nami. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa kunipa uamuzi safi. Dada sikumwambia lolote.

Ilidumu siku nne. Siku ya tano, adhuhuri, nilisikia mdomo ukigonga sakafu ya baraza. Nilipotoka nilimkuta dada ameketi kwenye kigoda chake, mkono mmoja umelowa mpaka kwenye kiwiko, anapapasa ile pete ya kiungo iliyopasuka.

"Fundi wako ametia nini hapa?"

"Shaba ya bomba."

"Hakuwa na nyingine?"

Ningeweza kusema hakuwa nayo. Lakini mtu hasemi uongo mbele ya aliye katikati ya udhu wake, na kusema kweli hata nje ya udhu dada hadanganyiki. Nikamwambia yote, pamoja na ganda.

"Na ulikataa kwa ajili yangu."

"Ndiyo, dada."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza."

"Maalim," akasema, jina analoniita akitaka kunikumbusha kwamba yeye ndiye aliyenifundisha alifu na bee, "zile sindano unazoazima kwangu kushonea kanzu zako, huwa unazitoa ndani ya nini?"

Nilijibu bila kufikiri kwamba zimo katika kile kikopo chake kirefu chenye kizibo cha kitambaa. Ndipo nikakikumbuka vizuri. Kikopo cha shaba, kirefu kuzidi kidole. Nimekishika mara ngapi.

"Asubuhi ile baada ya maziko niliyafagia maganda pale langoni," dada akasema. "Yalijaa ndoo. Moja nikaliosha, kwa sababu nilikuwa sina pa kuwekea sindano. Ganda hubaki kwa aliyepiga. Kile kilichokwenda ndicho kilichomuua. Hili halikwenda popote, limekaa na mimi." Akanyoosha mkono uliolowa. "Kalilete, umpelekee. Na leo nimalizie wewe kunimiminia, swala isinipite."

Nikammiminia.

Kesho yake fundi aligeuza lile ganda kwenye mwanga, akauliza limetoka wapi, nami nikamweleza. Akavua kofia, akaomba kwa Kiswahili cha kwao, maneno machache, na mimi nikaitikia amina. Kisha akakata kitako kwa msumeno.

Nilipoliweka birika mapajani mwa dada, alizungusha kidole pale palipoungwa, akazungusha tena. Hapakuwa na ukingo wa kukwaruza.

"Amekata kitako."

"Amekata."

"Basi sindano zangu utazitafutia makazi wewe."

Akaomba lijazwe, akalipima mkononi, akaenda nalo barazani akifuata ukuta. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikia maji yanaanza, yanakoma, yanaanza tena, tayari kukimbilia kama lolote lingeanguka.

"Ondoka hapo mlangoni, maalim," akasema bila kugeuka. "Nasikia unavyopumua."

Nikaondoka.