Ukuta wa Chumba cha Marefa

Oksana Hnatiuk, kipa, alikuwa msichana pekee katika timu ya hoki ya barafuni ya mji wao mdogo katika jimbo la Saskatchewan, Kanada. Tangu walipobalehe, wavulana walivalia katika chumba chao, naye akavalia katika cha marefa, cha jirani, yeye na ndoo ya magongo yaliyovunjika. Wakishavaa, mmoja wao hugonga ukuta: njoo, kocha anataka kusema. Utani wao wote aliujulia ukutani.

Msimu huu walifika daraja la chini ya miaka kumi na minane. Juu ya hapo klabu haina kitu. Ukimaliza umemaliza, beba begi lako uende.

Mechi ya mwisho walifungwa. Oksana akavua pedi, akakaa kungoja kugongewa, maana kocha huwaaga wanaomaliza mmoja mmoja. Ng'ambo ya ukuta wakacheka, wakapiga makofi, kisha kimya. Jasho likamkauka mgongoni. Mwishowe akagonga yeye.

Aliyekuja kufungua mlango alikuwa mzee Lubomir, msafishaji, fagio mkononi.

"We binti, bado upo? Wenzako wameshaagana, wamekwenda kula piza."

"Kocha hakuniulizia?"

Mzee akalitazama fagio lake kana kwamba ndilo lililoulizwa.

"Aliuliza kama mmetimia."

"Wakasemaje?"

"Walipiga kelele wote, mwanangu. 'Tumetimia!'"