Neno la Mwisho la Maundu

Kitengela, miaka ile plot zilipokuwa bado ni nyasi na waya wa miiba, na pundamilia wakikatiza nyuma ya vyoo bila kuomba ruhusa, mtoto hakuondoka kwenda chuo hivi hivi. Jumapili ya mwisho kabla ya safari watu walitoka kanisani moja kwa moja hadi kwa kina mtoto, wakala, wakanywa chai, kisha kila mtu mzima akasimama kumpa neno. Shangazi alisema lake kuhusu wavulana. Jirani akasema lake kuhusu pombe, na wote waliokaa pale walijua anazungumza kwa uzoefu. Baba alisema mwisho. Baba akishasema, hakuna aliyefungua mdomo tena isipokuwa wa kuomba, na hata huyo alitakiwa kuomba kwa kifupi. Familia zilizotoka Ukambani ndizo zilizoushika utaratibu huu kwa nguvu, na katika hizo hakuna aliyeushika kama Mzee Maundu.

Maundu alikuwa na sababu zake za kuliamini neno lake. Alifanya kazi kiwanda cha ngozi huko Athi River tangu ujanani, kazi ambayo hata ukioga mara ngapi watu wa kanisani bado wanakuachia benchi zima. Mwaka mmoja wafanyakazi waligoma. Wenzake walitoka nje wakaenda getini kuimba. Yeye alibaki ameketi kando ya pipa lake la kuoshea ngozi, na mkubwa wa kiwanda alipopita akamkuta pale pale. Walioimba wote walifutwa. Maundu akabaki kazini hadi akastaafu. Plot, nyumba ya mabati, karo ya watoto, vyote vilitokana na siku ile aliyokataa kuinuka. Hata wewe ungeamini.

Kwa hiyo Katee, kifungua mimba wake, alipoitwa chuo kikuu mwaka 1994, wa kwanza katika mtaa ule, Maundu alisimama mbele ya watu akampa neno hilo. Alimwambia mambo ya mgomo yakianza asifuate kundi. Afunge mlango, akae chumbani mwake na vitabu vyake, kwa maana anayekutwa mahali pake hana kosa. Watu wakasema amina. Mama yake, Kavata, akafuta macho kwa leso, na Katee akaondoka na sanduku la bati na blanketi mpya.

Hakumaliza mwaka. Muhula wa pili wanafunzi walizozana na wakubwa kuhusu chakula, mawe yakarushwa, na tangazo likatoka kwamba chuo kimefungwa, kila mtu awe ameondoka kabla ya saa sita. Wenzake walifungasha na kutoka wakikimbia. Waliorusha mawe ndio waliotangulia kukimbia. Katee akafunga mlango, akaketi kitandani, akafungua kitabu. Askari waliovunja mlango ule walimhesabu miongoni mwa waliokaidi amri, na kamati ya nidhamu ilipomuuliza kwa nini hakuondoka kama wengine, alisema ukweli: baba yake alimwambia asitoke. Walicheka, na mmoja wao akacheka hadi akavua miwani. Kisha wakamfukuza.

Alifika nyumbani akiwa na sanduku lake. Maundu hakumkaribisha kuketi. Alimuuliza swali moja tu.

"Ulirusha mawe?"

Katee aliutazama uso ule, akaona kwamba kuna majibu mawili, na kwamba moja litamvunja mwana na lingine litamvunja baba.

"Nilirusha," akasema.

Baada ya hapo Maundu hakusema naye ila kwa mambo ya lazima. Katee alipata kazi kwa Kasaine, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Bisil, akawa anaipaka mifugo alama za rangi siku ya soko na kusafiri nyuma ya lori na ng'ombe hadi machinjioni. Hakuoa. Kanisani mchungaji alipotaka mfano wa kijana aliyepewa nafasi akaichezea, hakutaja jina, lakini vichwa viligeuka. Miaka ikapita namna hiyo. Katee hakulalamika. Alijiambia kwamba mzee amebakiwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, na yeye amekiacha kizima.

Kisha ikaja zamu ya Ndanu, kitinda mimba. Alipita vizuri, akakaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja kuitwa, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Katika kungoja huko akapata pia nafasi kwenye chuo cha walimu. Mama yake alitaka aende huko kwa walimu.

"Pale hawagomi," Kavata alisema. "Niliona ya mmoja, ya pili sitaki."

Ndanu mwenyewe alimfuata Katee nyuma ya nyumba, alikokuwa akifua nguo zake za sokoni.

"Wewe ndio umewahi kulala huko," akamwambia. "Niende wapi?"

Katee alishangaa kuulizwa. Akakamua shati, akaliweka kando.

"Usiangalie jengo. Hapa tao Kitengela kuna college ziko juu ya butchery, mlango umepakwa rangi poa na mwalimu hakuna. Uliza kama kuna walimu, na uliza waliomaliza wako wapi. Halafu uliza roho yako kama utaamka asubuhi ukienda hiyo darasa. Uko na roho ya kufundisha watoto wadogo?"

"Zii. Nataka mambo ya udongo na mimea."

"Basi enda chuo kikuu."

Maundu aliamua hivyo hivyo bila kujua kwamba Katee alishaulizwa. Kwa siku chache Katee akawa mtu wa maana nyumbani. Alimwambia dada yake afike asubuhi siku ya kujiandikisha, kabla foleni haijazunguka jengo. Abebe kufuli yake mwenyewe na ndoo yenye kifuniko. Asimwazime mtu kitambulisho cha chuo hata akilia. Asibadilishe kozi kwa sababu rafiki wa jana amebadilisha. Na mwezi wa kwanza atalia usiku akidhani ni mgonjwa, wala si ugonjwa, ni nyumbani tu. Ndanu alicheka, lakini alisikiliza kila neno, na Katee alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu 1994.

Jumapili yenyewe watu walijaa. Mzee Kiragu, jirani kutoka Murang'a mwenye duka la dawa za mifugo, alikalishwa karibu na meza kwa kuwa ndiye angeomba mwisho. Shangazi alisema lake. Katee aliposimamishwa alitaja kufuli na ndoo, watu wakacheka kidogo kwa adabu, akaketi. Aliomba moyoni baba yake azungumze juu ya Mungu, au juu ya wavulana, au juu ya kitu kingine chochote.

Maundu akasimama, akakohoa. Alisimulia kiwanda cha ngozi tangu mwanzo, na pipa, na mkubwa alivyopita.

"Sasa wewe Ndanu," akasema, "fujo ikianza, usiende na watu. Funga mlango ukae kwa room yako. Mtu akipatwa kwa mahali yake hana makosa. Huyu kaka yako nilimwambia hii maneno. Hakusikia. Akaenda kurusha mawe na watu, na leo anapaka ng'ombe rangi. Nataka uniapie hapa mbele ya watu."

Akamletea Biblia. Ndanu akaweka mkono.

"Naapa, Baba. Nitakaa kwa room yangu."

Katee alimjua dada yake. Tangu utotoni, Ndanu akiahidi jambo hufanya hata mvua inyeshe mawe. Angeweza kumwita pembeni kesho yake na kumwambia yote, naye angesikia, angesikitika, kisha siku ya tangazo angefunga mlango na kuketi kitandani kwa sababu aliapa. Katee aliona mlango ule ukivunjwa, na mara hii aliyeketi kitandani alikuwa msichana. Kiragu alikuwa ameshainama kuomba.

"Baba, hapana," Katee akasema.

Hakuna aliyewahi kusema baada ya baba katika nyumba ile, wala katika nyumba yoyote waliyoijua.

"Kaa chini," Maundu akasema.

"Ndanu, wakisema muondoke, ondoka. Hata na nguo moja. Usibaki kwa room." Akamgeukia baba yake. "Mimi nilibaki. Sikurusha jiwe. Nilifunga mlango nikakaa na vitabu vile Baba aliniambia, na ndio maana walinishika. Waliokimbia walirudi, wakamaliza. Mimi nilifukuzwa kwa sababu nilikaa."

Maundu alikuwa bado amesimama, Biblia mkononi.

"Uliniambia ulirusha."

"Nilidanganya, Baba."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa ni neno lako."

Mzee aliangalia kiti chake kana kwamba hakumbuki ni kipi, Ndanu akamshika mkono akamketisha. Kiragu aliomba, kwa kifupi sana, na watu wakaondoka mapema wakiacha chai kwenye vikombe. Kavata alipokuwa akikusanya vyombo alisimama mbele ya Katee.

"Ungemwambia mtoto pembeni."

"Alikuwa ameapa, Mama."

"Ndanu si mjinga. Angekuelewa." Akaenda na sinia yake jikoni, na Katee akabaki na maneno hayo, na kadiri alivyoyageuza ndivyo alivyozidi kuhofia kwamba mama yake alisema kweli.

Kesho yake, kabla ya kupanda gari, Ndanu alimkumbatia baba yake akamwambia asijali, atafanya vile yeye baba atakavyomwambia. Maundu akamwambia afanye vile kaka yake alivyosema.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kubadilika kwake mzee. Watu walidhani mzee angekasirika, na Katee alikuwa amejiandaa kwa hasira hata akafunga nguo zake kwenye mfuko tayari kuhamia Bisil. Hasira haikuja. Kilichokuja ni kwamba Maundu alianza kuuliza. Aliuliza kama mahindi yapandwe sasa au yangoje. Aliuliza kama ile ng'ombe yao ipelekwe kwa dume au la, yeye aliyekuwa akimwamulia kila mtu mtaani hadi siku ya kunyoa. Aliuliza kama achukue mwavuli. Alimuuliza Katee, na Katee alipokuwa sokoni alimuuliza Kavata, na jibu lolote alilopewa alilifuata mara moja. Katee alitamani amtukane. Mara moja alimjibu vibaya makusudi, akamwambia apande maharagwe wakati wa kiangazi, ili tu mzee amwambie amepotea. Maundu akachukua jembe akaenda kupanda.

Ann, binti wa Kiragu, alipopata nafasi chuo cha uuguzi, Maundu alialikwa kama kawaida na kuombwa atoe neno kabla ya baba mwenyewe. Alisimama, akawatazama watu.

"Mimi sina," akasema, akaketi.

Wageni ambao hawakuwapo Jumapili ile walisema ni uzee. Kiragu, aliyejua, alimimina chai kwa haraka na kuanzisha wimbo.

Katee akanunua redio ndogo. Kila alikokwenda na ng'ombe alikuwa nayo sikioni saa ya habari, hata ndani ya zizi la soko la Bisil ambako vumbi na kelele havikumruhusu kusikia nusu ya maneno. Kasaine alimchoka. Siku moja alimsalimu kwa Kimaasai chake, kisha akamuuliza.

"Sopa, wewe. Unatafuta nini kwa hiyo redio?"

"Habari ya chuo cha dada yangu."

"Kuko na vita?"

"Hakuna."

"Sasa si hiyo ni mzuri?"

"Ni mzuri," Katee akasema, akaizima.

Vyuo vingine viligoma, aliyasikia hayo. Cha Ndanu kilitulia. Mwaka wa kwanza ukaisha kwa amani, kisha wa pili, na Katee alikuwa bado anasikiliza. Ndanu alikuja likizo amenawiri, akazungumza juu ya udongo hadi mama yake akamwambia ale kwanza. Mwaka 2006 akahitimu. Walikwenda wote kwa pikapu ya Kasaine. Maundu alivaa koti la suti la siku ya kustaafu, na jua lilikuwa kali uwanjani tangu asubuhi, lakini hakulivua. Wakati wa kurudi Ndanu aliketi nyuma pamoja na baba yake na Katee, joho likiwa limekunjwa magotini, akiwa na furaha ya mtu aliyemaliza.

"Katee, unajua kitu gani ya ajabu?" akasema. "Hizi miaka zote hatujagoma hata siku moja. Ile maneno yote ya kufunga mlango na kukimbia, sikuwahi itumia."

Alisema hivyo bila ubaya wowote. Alidhani anawapa habari njema.

"Hakukuwa na fujo?" Maundu akauliza.

"Hapana, Baba. Kabisa."

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Katee aligeuza uso kutazama barabara, kwa sababu wakati ule ndipo alipoelewa alichokuwa akikitafuta kwenye redio miaka ile yote. Hakuwa akihofia mgomo. Alikuwa akiuomba. Mmoja tu, mawe machache, tangazo moja la kuondoka, dada yake akitoka mbio na nguo moja, ili alichomfanyia baba yake siku ile kiwe kimemsaidia mtu.

Jua bado lilikuwa likiwachoma. Maundu alimgusa begani.

"Katee," akasema kwa upole, "ninaweza kuvua koti?"

"Vua, Baba."

Akavua.