Tiki ya Saa Nne

Kuna asubuhi moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo na bado inanichoma. Ulikuwa na miezi sita, na mimi nilikuwa kwenye mashine ya kukata viazi, katika kiwanda cha krispi karibu na Dagoretti Corner, Nairobi. Kila saa nilitakiwa kufungua kifuniko, nihakikishe visu vimesimama, kisha niweke tiki kwenye karatasi. Basi.

Siku hiyo wageni wa cheti cha ubora walikuwa wanakuja. Msimamizi alitaka karatasi zijae na ubao wa maboresho, tulipoandika kasoro, usiwe na lalamiko. Mama Mwende, mtu mzima aliyenifunza kazi, alikuwa ameandika hapo mara mbili kwamba swichi ya kifuniko, ile inayosimamisha visu kikifunguliwa, imelegea. Maandishi yake yakafutwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliupaka rangi.

Nikajaza tiki za siku nzima kabla ya chai. Mama Mwende akaniona.

"Wewe mama Wanja, saa nane mchana umeipimia wapi? Hata kwetu Kitui haijafika!"

"Wacha nijaze, mama. Wageni wakija sitapata nafasi."

"Haya. Hiyo kalamu ndiyo itasimamisha visu?"

Nikacheka.

Saa nne na dakika chache viazi vikakwama. Mama Mwende akafungua kifuniko, akaingiza mkono vile tulivyozoea. Visu havikusimama. Vidole vitatu vikakatika.

Msimamizi alimfuata hospitalini na karatasi yangu. "Saa nne mashine ilikuwa sawa, tiki hii hapa. Umejiumiza mwenyewe, mama." Akaachishwa kazi bila fidia. Mimi nikanyamaza, eti nina mtoto wa kulisha. Wiki ya pili nikaenda ofisini kusema ukweli; nikaambiwa faili imefungwa. Cheti walipewa, kiko ukutani. Swichi ni ile ile. Sitakudanganya kwamba itabadilishwa.

Mwanangu, usiweke alama kwa kitu ambacho mkono wako haujagusa. Acha kisanduku kitupu, wakutukane. Kitupu, mtu atauliza kwa nini. Kilichojaa uongo hakiulizwi na yeyote, na anayeumia ni mwenzako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukweli wangu wa wiki ya pili haukumsaidia Mama Mwende hata kidogo.

Mungu akupe mkono mzito kwa uongo na mdomo mwepesi kwa kweli, kunishinda mimi niliyekuzaa.