Shina la mgomba katika shimo langu

Nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kukosea, kuunda chombo cha kupima mitetemo ya ardhi. Ni mkono wa alumini wenye uzito mwishoni, ulioshikiliwa na bamba la chuma lililopindwa. Ardhi ikipanda au kushuka, uzito hubaki nyuma kidogo, na koili iliyo kando ya sumaku ya spika kuukuu hutoa umeme mdogo. Kikikaa sawasawa, chombo hicho husikia hata mawimbi ya polepole ya tetemeko lililotokea bara jingine. Kisipokaa sawasawa hupima joto la mchana tu, na mimi hukosa usingizi.

Kwa hiyo nilichimba shimo nyuma ya nyumba ya nyanya yangu huko Khwisero, chini ambako joto halibadiliki. Nakiri kwamba siwezi kuvumilia pembe iliyopinda. Nilinyoosha kuta kwa kamba na pima maji. Nililirefusha nipate pa kulala kifudifudi nikikaza skrubu, na nikalielekeza mashariki, ingawa chombo kinachopima kupanda na kushuka hakijali mashariki. Nilitaka tu liwe safi. Bamba lilipoacha kulegea na mstari kwenye kompyuta ukatulia, nilikaribia kulia.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikakuta shimo limefukiwa. Baba mdogo alikuwa anaosha jembe.

"Umefanya nini?"

"Nimekuokolea redio yako. Iko mezani, nimeifunga na koti langu."

"Si redio."

"Basi saa. Haina hata tope."

Alikuwa ameilaza ubavu. Bamba lilikuwa limekunjika pale pale nilipohangaika nalo.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Shimo la urefu wa mtu, linatazama jua linakochomoza, na mama anakohoa ndani ya nyumba. Tungengoja limwite?"

Kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Lisipopata mtu, huzikwa shina la mgomba. Hilo nalijua tangu utotoni. Lakini kumbe boma zima lilikuwa likinong'ona juu ya shimo langu tangu nilipoanza kuchimba, na kila asubuhi watu hao hao walinipa chai na kuniuliza kazi inaendeleaje. Hakuna aliyenitamkia neno kaburi. Wangenitamkia, ningebadilisha umbo siku hiyo hiyo. Walichagua kuningoja niende kusali. Hicho ndicho siwezi kukimeza, kuliko hata bamba.

Nilisema hayo yote kwa sauti. Nyanya akatoka, leso mkononi.

"Hata mimi sikuulizwa," akamwambia mwanawe. "Umenizikia mgomba nikiwa nakunywa uji."

"Mama, nilikuwa nakulinda."

"Basi mlinde na huyu. Chimba jingine, la duara, nyuma ya jiko. Wewe mwenyewe."

Alichimba, na mimi nikasimama ukingoni na kipimo, nikimkatalia kila ukuta ulioinama. Hakulalamika. Alipofika kwenye udongo mgumu aliegemea jembe akaniuliza kama kweli kitu kile kingesikia nchi nyingine ikitikisika.

"Kingesikia," nikamwambia, "kabla hujakikunja."

Akashika jembe akaendelea. Shimo liko tayari, la duara na zuri. Bado natafuta bamba jingine.